Kwa Tata, Aliyeuliza Rangi ya Miguu

Mpendwa Tata,

Wale ndege keremkerem wamerudi. Jumatano asubuhi nilikuwa naanika nguo, ukungu bado umelala juu ya majani chai, nikasikia ile sauti yao huko juu kabisa, prruu, prruu, kama watu wanaosukutua maji kooni. Sikuwaona hata mmoja. Wewe ungeniambia wako kama wangapi na wanaelekea wapi. Niligeuka nikasema, "Tata, umewasikia?" halafu nikabaki na shati la Evans mkononi, naongea na kiti kitupu. Jirani alinichungulia juu ya ua. Nikajifanya naimba.

Najua barua hii huisomi mwenyewe. Inasomwa na binti yako Kemunto, hapo sebuleni kwake Keroka, miwani imeshuka mpaka puani. Wifi yangu, nakusalimu kwa heshima zote. Nakuomba jambo moja tu: usiruke mahali. Nakujua unavyosoma. Hata matangazo ya kanisani ulikuwa ukifika kwenye majina ya watu usiowapenda unapata kikohozi. Humu ndani kuna sehemu utajikuta umetajwa na hutafurahi. Isome tu hivyo hivyo, maji unayo hapo karibu.

Sasa, Tata, naandika kwa sababu ya swali lako. Evans aliporudi kutoka kukuona wiki jana alikaa mezani, akala ugali wote bila kutoa neno, si unamjua mwanao. Alipomaliza kunawa ndipo akasema, "Mzee ameulizia kitu." Niliacha sufuria hapo hapo. Miezi minane hujaniulizia kitu, hujanitumia hata salamu. Nikamwambia aseme haraka. "Ameuliza yule ndege wa siku ile alikuwa na miguu rangi gani." Nikamwambia arudie, akarudia. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kuku wakanikimbia.

Nitakujibu, lakini ngoja kwanza niseme ninachotaka, kwa sababu nikianza na ndege tutapotelea huko. Nataka urudi nyumbani. Msimu ndio huu umefika na mimi siwezi kuupitisha peke yangu. Na kuna jambo moja limenikaa kifuani tangu Februari: sijui kama ulinyamaza kwa sababu nilikushika siku ile, au kwa sababu nilichelewa kukushika. Kila mtu hapa anadhani anajua. Mimi nataka kusikia kwako.

Unakumbuka siku ya kwanza Evans aliponileta? Msichana wa Kipsigis kutoka Soin, kwenye joto letu kule chini, nimevaa kigauni chepesi ndani ya baridi ya huku juu, meno yanagongana. Hakuna mtu aliyekuwa amenieleza chochote. Nikaona mzee anasimama, nikamwendea mbio mbio na mkono nimeunyoosha, "Shikamoo, baba!" Shangazi mmoja akafunika mdomo na kanga. Kumbe kwenu mkazamwana hampi baba mkwe mkono, hamgusi, haketi karibu naye, haingii chumba chake, na ukimkuta njiani unampisha kwa mbali. Chinsoni, mnaiita. Mimi nimesimama pale na mkono hewani, siwezi kuurudisha, siwezi kusonga mbele. Nilikuwa natamani sakafu ipasuke.

Ndipo ukavua kofia yako, ukaiweka juu ya kiganja changu, ukasema, "Asante, binti yangu. Nishikie." Basi! Watu wakacheka, nikapewa kiti, chai ikamiminwa. Kofia yenyewe niliishikilia mpaka jioni kwa sababu sikujua naruhusiwa kuiweka wapi. Tangu siku hiyo sikukuita baba mkwe tena, nilikuita Tata, kwa Kikisii, kama watoto uliowazaa.

Wakati huo ulikuwa ungali unaona. Ulikuwa bado mtu wa pampu pale bwawani, ukisukuma maji kwenda kiwandani na kwenye nyumba za wafanyakazi, na ulikuwa unarudi na habari za ndege badala ya habari za kazi. Marehemu mama alikuwa anakucheka. Alikuwa anasema ukiulizwa kama maji yanatosha unajibu kwamba bata wamefika. Mimi nilidhani ni mambo ya wazee tu. Nilikuwa na shughuli zangu: harusi, picha za pasipoti pale studioni Kericho, na siku za mahafali Kabianga, watoto wa watu wakirusha kofia juu mara kumi ili nipate moja iliyonyooka.

Halafu presha ya macho ikakuanza. Ilikula pembeni kwanza, ukawa unagonga milango, tukadhani ni uzee. Tulipokupeleka hospitali daktari alisema kilichokwenda kimekwenda, hakirudi. Evans alilia ndani ya gari. Tulipofika Kapsoit ndipo wewe ukasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa nani ataniambia wakifika?" Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nimejibana mlangoni ili goti langu lisiguse kiti chako. Nikasema, "Mimi nitakuambia." Sikujua najitia kwenye nini.

Ulianza kwa kunitesa. Ndiyo, Tata, ulinitesa, acha niseme. Nilikuja na kamera ya harusi na lenzi ya kuazima, nikapiga picha ya ndege mdogo ukingoni mwa bwawa, nikakuelezea: mzuri sana, amesimama juu ya jiwe, mwanga unampiga vizuri. Ukasubiri nimalize. "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. "Hujaniambia kitu. Miguu yake rangi gani?" Nikajibu sijui, ni miguu tu. "Basi hujamwona." Ukaegemea kiti chako, ukafunga macho, kama mtu aliyefunga duka.

Nilikasirika! Nimekwenda umande wote ule, viatu vimelowa, halafu naulizwa miguu. Lakini nilirudi kesho yake, kwa hasira tu, nikapiga miguu. Picha thelathini za miguu. Nikakuambia ni ya kijani, kijani ya majivu, na mkia haukai, unapanda na kushuka kila wakati kama umefungwa springi. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Huyo ni kitwitwi. Huyo ni rafiki yangu. Huyo amekuja kutoka kwa wazungu kwa mabawa yake mwenyewe." Ukanieleza kwamba manyoya hubadilika wakiwa safarini, anayekuja Oktoba si yule anayeondoka Aprili kwa mavazi, lakini miguu hukaa vile vile. Ndiyo maana ukaitaka miguu kwanza. Mimi niliyekuwa nikifuta chunusi za maharusi kwenye kompyuta nilikuwa sijawahi kuangalia kitu kwa namna hiyo.

Nilikuuliza wanafuata nini huku. Ukasema wanakimbia baridi. Nikakuuliza, "Wanakimbia baridi wanakuja Kericho? Kwani hawakuambiwa?" Ukarudia maneno hayo kwa kila mgeni aliyefika hapa mwaka mzima, tena ukiyafanya yako. Nilikusamehe.

Kisha ukataka kwenda mwenyewe. Ulisema sauti zinazofika nyumbani ni zile kubwa tu, wale wadogo wanaongea chini chini, lazima uwe ukingoni. Evans yuko barabarani na lori la majani chai siku sita, Jumamosi ni kanisa. Nani atakuongoza? Mtu asiyeona hushikwa mkono, na mimi mkono wako si wa kushika. Tulikaa siku tatu na jambo hilo, wewe mezani, mimi jikoni, tukiongea kupitia mlango. Siku ya nne ukaniita. "Ile stendi ya kamera yako ina urefu gani?" Nikakuambia ikifungwa ni kama mkono na nusu. "Inatosha."

Hivyo ndivyo tulivyotembea misimu minne. Mimi mbele nimeshika kichwa cha stendi, wewe nyuma umeshika miguu yake mitatu iliyofungwa pamoja, katikati ya mistari ya chai, mimi nikisema shimo, mzizi, mtaro, na wewe ukijibu ndiyo, ndiyo, nimeshauona, na hukuona kitu. Wachumaji walikuwa wanatupisha. Askari wa bwawa, Kiprono, alikuwa anapiga saluti. Nilikuwa najivunia, Tata. Nilikuwa natembea kichwa juu kama niliyebeba kombe. Nilikuwa najiambia, tazama, mimi Mkipsigis nimezishika adabu za Wakisii vizuri kuliko wenyewe, na mzee anakwenda anakotaka.

Nakumbuka wale korongo weupe kule upande wa Bomet, shamba lililokuwa limetoka kulimwa, Evans ametupeleka. Nilianza kukuhesabia nikafika mahali nikashindwa. Ukaniambia niache kuhesabu, nikueleze mmoja tu. Nikachagua mmoja aliyekuwa anatembea nyuma ya trekta, miguu myekundu imepakwa matope mpaka magotini, anaokota panzi kwa madaha, haangalii wenzake. Nilimweleza kwa nusu saa nzima. Mwishoni ukasema, "Huyo nimemwona." Ulisema polepole, na uso wako ulikuwa umeelekea mahali penyewe alipokuwa amesimama. Picha ile ninayo ukutani studioni. Watu huniuliza kwa nini nimeweka ndege katikati ya maharusi.

Nimefika kwenye Februari. Wifi, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Ilikuwa Jumapili, mvua ya mchana haijaanza, jua kali. Nilikuwa nimekukalisha kwenye kigogo chako, hatua tano kutoka majini, nikaifungua stendi na kuweka kamera. Kukatoka sauti moja kwenye matete ya upande wetu. Mluzi mmoja tu, mfupi, unaopanda mwishoni, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Ulishtuka. "Huyo simjui," ukasema. Miaka yote ile pale bwawani, na hukuwahi kumsikia! Ukaita kwa kunong'ona, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Nikamwona, wa kijivu, mdomo mrefu, anaogelea au anatembea, sijui. Nilibonyeza mara tatu. Sikukuangalia. Wewe ulikuwa umesimama unaifuata sauti.

Nilisikia majani yakiteleza na wewe ukisema "Aa!" Nilipogeuka ulikuwa majini mpaka kifuani, chini ya ukingo, tope limekushika miguu, na mkono wako wa kulia umenyooka juu. Umenyooka upande wangu. Nilikuwa karibu sana, Tata. Ningepiga magoti tu ningeufikia.

Ng'ambo ya bwawa Kiprono alikuwa ananipigia kelele, "Mama Faith, shika mzee! Shika mkono yake!" Na mimi nikafanya nini? Niling'oa kamera kwenye stendi, nikaitupa nyasini, nikaikunja ile miguu mitatu, mmoja ukakwama, nikaulazimisha, ndipo nikakunyooshea stendi nikisema, "Shika, Tata, shika stendi!" Mtu asiyeona! Ulikuwa unapapasa hewani na mimi nakutafuta vidole kwa chuma. Chuma kikakupiga juu ya jicho. Ukarudi nyuma ukazama.

Hapo ndipo nilipoingia. Nilikukamata kwapani, nikakukumbatia, nikakuvuta kifua kwa kifua mpaka kwenye nyasi, na nilikuwa nalia kwa Kipsigis. Lakini nimehesabu muda ule mara nyingi sana. Wewe ulininyooshea mkono na mimi nikaanza kukunja stendi. Hakuna mtu duniani angefanya ujinga huo isipokuwa mimi, mkazamwana mwenye adabu.

Wachumaji walikuja, wakakubeba mpaka kwenye pikapu ya shamba la chai. Kiprono alipanda nawe. Mimi sikupanda. Nilisimama pale nimelowa, nguo zimenishika mwilini, nikaona siwezi kuketi karibu na baba mkwe nikiwa hivyo. Mpaka leo najiuliza nilikuwa na akili gani. Nilikimbia nyumbani kubadilisha nguo na nilipofika hospitali Kemunto alishapigiwa simu, yuko njiani.

Nyonga iliyopasuka, halafu nimonia. Wiki tano. Nilikuwa naleta uji naukabidhi mlangoni. Kemunto, mimi sikulaumu kwa kumchukua baba yako, ulimtunza vizuri na Mungu anaona. Lakini uliniambia pale koridoni, watu wakisikia, "Ulimkumbatia baba yetu mbele ya wachumaji. Atarudije kwenye hilo boma?" Nilikuwa nadhani unanilaumu kwa kosa dogo kwa sababu hulijui kubwa. Sasa nimelisema, umelisoma kwa mdomo wako mwenyewe. Kunywa maji tuendelee.

Tangu hapo kamera kubwa iliwekwa kabatini. Nilipiga pasipoti. Geuka kidogo, inua kidevu, usicheke, asante. Mahafali ya Kabianga nilimpa kijana mwingine. Evans aliniambia mara moja tu, "Mimi ningekuwa Baba, ningetaka kushikwa," nikamfokea mpaka akaenda kuosha lori lililokuwa safi. Aprili ndege wakaondoka, sikutoka kuwaangalia.

Halafu ndipo ukauliza swali lako. Asubuhi yake nilitoa kamera kabatini, nikapangusa tope la Februari lililokuwa limekaukia kwenye lenzi, nikafungua kadi. Nilikuwa sijawahi kuziangalia. Picha ni zile tatu. Mbili zimetikisika. Ya tatu ni safi kabisa, Tata, ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wa kijivu, mgongo una vidoa vyeupe, mdomo mrefu mwembamba umeshuka kidogo ncha, na chini ya mdomo, karibu na shina, kuna wekundu. Juu ya jicho ana mstari mweupe. Amesimama majini mpaka tumboni.

Mpaka tumboni. Miguu haionekani. Nimeikuza picha mpaka ikawa mraba mraba, hakuna. Maji ni ya kahawia, na miguu iko ndani ya maji. Ndilo jibu langu. Nimekaa miezi minane, na swali moja uliloniuliza siwezi kulijibu.

Basi Alhamisi nilikwenda bwawani. Peke yangu, mara ya kwanza. Vitwitwi wanne, bata wa kuja kama kumi hivi, mbayuwayu wamejaa kwenye waya wa umeme. Nikajikuta nasema kwa sauti: miguu ya kijani, miguu ya kijani, huyu ana matope, huyu amesimama kwa mmoja. Kiprono akatokea nyuma yangu. "Mama Faith, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na Mzee. Akaangalia chini. Akaniuliza kama umepona, nikasema unatembea kwa mkongojo lakini hurudi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote, hata ya stendi, ingawa hiyo aliiona mwenyewe.

Akanitazama kama mtu asiyeelewa. "Lakini mzee hana kasirika," akasema. "Ile siku kwa gari aliuliza mimi mara tatu. 'Yeye ametoka kwa maji? Yeye ametoka?' Mimi naambia yeye ndiyo, ametoka. Anauliza tena. Mpaka tunafika hospitali anauliza hiyo tu."

Nilimwambia, "Kiprono, miezi minane hukuniambia?" Akasema alidhani najua. Alidhani mtu yeyote angejua.

Nilikaa kwenye kigogo chako. Kwa mara ya kwanza nilikaa hapo, nisamehe. Na nikafikiria: wewe huko Keroka, umeketi ndani, Evans anasema hutoki hata uani. Labda unadhani mimi ndiye ninayeona aibu. Labda umenyamaza ili unistahi, kama ninavyonyamaza mimi ili nikustahi, na tutastahiana hivi hivi mpaka tuzikane. Mimi nimechoka. Chinsoni ni kitu kizuri, Tata, siidharau. Ndiyo iliyokufanya univulie kofia siku ile. Lakini sidhani iliwekwa ili mtu azame.

Nimekukosa. Nimekosa kukaripiwa. Nimekosa ile "umemaliza?" yako. Nikiona kitu chochote sasa, hata kuku wa jirani, naangalia miguu, halafu sina wa kumwambia. Evans namwambia, anasema "haya".

Kwa hiyo nimeamua, na nimemwambia mwanao, na yeye ameomba ruhusa kazini. Jumapili hii tunakuja. Kemunto, pika ama usipike, sisi tutabeba mursik, na wewe unayaita maziwa ya makaa lakini mara ya mwisho ulikunywa vibuyu viwili. Tata, sitakaa kule jikoni nikitumiwa maneno. Nitaingia pale ulipo, nitakusimulia yule ndege kuanzia mdomo mpaka mahali maji yalipomfika, na utaniuliza maswali, na mengi sitayaweza. Msimu unaendelea mpaka Aprili. Kama alikuja msimu uliopita anaweza kuja tena, na siku moja atatoka majini kukanyaga tope kama wenzake, na tutakuwapo. Kiprono amekata nyasi za ukingo bila kuombwa. Amepigilia na kamba ya kushika, anasema ni ya wote.

Ukitaka kukataa, kataa. Lakini nikatalie wewe mwenyewe, kwa sauti yako, sio kupitia kwa Evans wala wifi wala barua. Mimi nitasimama mbele yako, karibu kuliko nilivyowahi kusimama, na Kemunto aite mashangazi wote akipenda, waje waketi waangalie.

Wewe nyoosha tu mkono, kama ulivyounyoosha siku ile. Nitaushika.

Lala salama, uvae lile koti zito, na umshukuru anayekusomea.

Ni mimi mkazamwana wako,
Mama Faith